Mabweni yabaki
Mwandishi, umeorodhesha viongozi waliopita shule ya bweni ya Tabora Boys ukaruka jambo moja: mwanzoni Waingereza waliikusudia kwa watoto wa machifu. Hata Mwalimu Nyerere, aliyeingia 1937, alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Leo mtoto wa mkulima anaingia kwa ufaulu wake, na huo ndio urithi wa kulindwa. Mabweni nayo ni urithi: mimi Mgogo nilisoma shule nyingine ya serikali ya bweni: kitanda cha juu Mhaya, cha jirani Mmakonde, makande tunakula sahani moja. Mpaka leo ni ndugu zangu. Nyie wenzangu mnaotaka mabweni yafutwe, mtoto wa Lindi atamjulia wapi mwenzake wa Bukoba? Yakarabatiwe, yapate maji na vyoo vya kutosha, lakini yabaki.