Deki ya kaseti isinunuliwe kama mbuzi kwenye gunia

Katika mnada wa mifugo wa Pugu, mfanyabiashara makini halipii ng'ombe kabla ya kumtazama meno na kumtembeza. Cha kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akienda Kariakoo kutafuta deki ya kuchezea kaseti zake za zamani, anaweza kutoa fedha kwa sababu ya neno moja tu lililoandikwa usoni mwa mashine: dijitali.

Neno hilo si dhamana. Deki ya kaseti za dijitali, maarufu kama DAT, ililetwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1987 na ikatumika zaidi studio na katika vituo vya redio. Kaseti yake ni ndogo kuliko ya kawaida, hivyo kaseti za taarabu, kwaya au mawaidha zilizopo kabatini haziwezi kupigwa humo. Isitoshe, Sony iliacha kutengeneza deki hizo mwaka 2005. Hedi yake huzunguka kama ya deki ya video, na ikichakaa, kupata kipuri ni kazi.

Kwa familia ya mfugaji wa kuku au mwenye genge, chaguo la busara ni deki ya kaseti za kawaida iliyotumika, mradi ikaguliwe. Mnunuzi aende na kaseti yake, ila si ile ya thamani, kwani deki mbovu hutafuna utepe. Asikilize upande mzima. Sauti ikiyumba, huenda mkanda wa mpira umelegea. Ikiwa hafifu, hedi ni chafu au imelika. Mkanda na usafi ni kazi ndogo ya fundi. Hedi iliyolika ni sababu ya kuondoka.

Hata deki nzuri haitaziokoa kaseti zenyewe. Joto na unyevu wa pwani huziharibu utepe na kuziotesha ukungu. Zile zenye sauti ya babu au harusi ya wazazi zihamishiwe kwenye kompyuta kwa waya wa sauti, nakala moja iwekwe kwenye flashi na nyingine apewe ndugu. Kwa kazi hiyo ya mara moja, deki ya kuazima yaweza kutosha, na fedha ikanunua chakula cha kuku.

Deki nyingine itapatikana Kariakoo. Sauti ya marehemu haiuzwi huko.