Maumivu ya macho: Hasara isiyoandikwa kwenye daftari

MSIMU wa kupura mpunga unapofika, mkulima huandika gharama za vibarua, magunia na usafiri. Siku alizokaa nyumbani kwa sababu ya jicho haziandikwi popote, ingawa nazo ni fedha.

Hasara hiyo hukua kwa sababu kila jicho linalouma hutibiwa kwa namna moja: vidonge vya kutuliza maumivu, au matone yaliyobaki kwa jirani. Wakati vyanzo ni vingi, na dawa ya kimoja huweza kuwa sumu kwa kingine.

Chanzo cha kwanza kipo shambani. Jani la mhindi au kapi la mpunga likikwaruza kioo cha jicho, fangasi huweza kuingia na kuleta kidonda. Jicho huwa jekundu, huogopa mwanga, na doa jeupe huweza kuonekana. Matone yenye steroidi hupunguza wekundu kwa muda, lakini huwapa fangasi nafasi ya kuendelea kuliharibu jicho.

Cha pili ni viuatilifu. Dawa ikiruka machoni, mhusika aoshe macho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, ndipo aende hospitali. Aidha, sumu za jamii ya oganofosfeti hupita hata kwenye ngozi, zikaleta maumivu ya kichwa, mboni kubana na macho kuona ukungu. Mpulizaji mwenye dalili hizo aache kazi, avue nguo zilizolowa, aoge na awahishwe hospitali.

Hata hivyo, wakati mwingine jicho ni zima na kinachouma ni kichwa. Kipandauso huweza kugonga nyuma ya jicho kwa saa 4 hadi 72, pamoja na kichefuchefu. Ipo aina nyingine inayochoma kuzunguka jicho moja kwa dakika 15 hadi saa 3, huku jicho hilo likitoa machozi. Zote zina tiba, lakini kumeza vidonge vya maumivu karibu kila siku huweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa.

Hatari kubwa ni presha ya macho ya ghafla. Jicho huuma sana na kuwa jekundu, mgonjwa hutapika, na taa huonekana kuzungukwa na duara za rangi. Hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Kwa mfanyabiashara aliyevuka miaka 40, macho yanayochoka na kichwa kinachouma baada ya kuhesabu fedha na kusoma risiti mara nyingi hudai miwani tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza tija kwa karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa.

Hivyo, miwani ya kujikinga wakati wa kupura na kupulizia dawa, pamoja na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, viingizwe kwenye bajeti ya msimu kama mbegu na mbolea. Mavuno yaliyopotea huweza kurudi mwakani. Jicho lililopofuka kwa kidonda halina msimu mwingine.