Michezo: Mtu wa Kazi Kumi

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Wazee huitumia methali hiyo kumwonya kijana asiyetulia katika kazi moja, nayo ni maonyo mema. Lakini katika michezo upo ushindani mmoja ambao methali hiyo haiupati sawasawa, kwa kuwa mshindi wake ni yule ashikaye kumi, wala hapana hata moja iliyo ruhusa kumponyoka. Ushindani huo huitwa dekathloni.

Dekathloni hufanywa kwa siku mbili. Siku ya kwanza mtu hukimbia mita 100, huruka umbali, hutupa tufe, huruka juu, kisha hukimbia mita 400. Siku ya pili huanza na mbio za viunzi za mita 110, akarusha kisahani, akaruka kwa upondo, akarusha mkuki, na mwisho, mwili umekwisha kuchoka, hukimbia mita 1500. Kila mchezo hupewa alama kwa kadiri ya muda au umbali alioupata, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Basi yawezekana mtu asiwe wa kwanza katika mchezo hata mmoja, na huku akawashinda wote.

Katika Afrika ya Mashariki tumepata sifa kubwa kwa mbio ndefu, lakini watu wa dekathloni ni wachache. Mmoja aliyeugusa mchezo huo ni John Akii-Bua wa Uganda, ambaye dunia inamkumbuka kwa jambo jingine. Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, nyumba yenye watoto wengi, na utotoni alichunga ng'ombe. Alipokuwa mtu mzima akaingia kazi ya polisi, na huko ndiko alikojulikana kwa wepesi wake wa kuruka viunzi vya mbio fupi.

Mwalimu wake, Malcolm Arnold, alimtazama tena, akaona kuwa kijana yule afaa zaidi katika viunzi vya mita 400. Katika mashindano ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970 akawa wa nne. Mwaka uliofuata, 1971, akajaribu kazi zote kumi, akapata alama 6933, ikawa rekodi ya Uganda. Tukitaka kujua kipimo chake katika dunia, tutazame Munich mwaka 1972, ambako Mykola Avilov alishinda dekathloni ya Olimpiki kwa alama 8454. Ni wazi kwamba Akii-Bua hakuwa wa kwanza kwa jumla ya kazi kumi. Lakini mbio za viunzi vya mita 400 zataka kasi, mruko, na pumzi ndefu, na mambo hayo matatu alikuwa nayo kwa pamoja.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika Munich hiyo hiyo, alipewa njia ya kwanza, iliyo ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na humsumbua mruka viunzi. Akaviruka viunzi vyote kumi, akafika mbele ya watu wote kwa sekunde 47.82. David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa na rekodi ya sekunde 48.12 tangu 1968, alikuwa wa tatu. Hapana mtu aliyepata kushuka chini ya sekunde 48 kabla ya siku hiyo, wala Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, na Uganda miongoni mwao, ziligoma kwenda Montreal, na Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake bila ya wawili hao kukutana. Mwaka 1979, vita vilipoiangusha serikali ya Idi Amin, bingwa huyo alikimbilia Kenya, akawekwa kambini pamoja na wakimbizi, mpaka akasaidiwa kwenda Ujerumani Magharibi. Baadaye alirudi kwao, akafundisha vijana, akafa mwaka 1997, umri wake miaka 47. Sisi wa mkoa huu, ambao tumeishi na wakimbizi kwa miaka mingi, na tukumbuke kwamba katika foleni ya maji ya kambi yaweza kuwamo mtu wa namna hiyo.

Sasa, walimu na wazazi wa Diff, fundisho letu ni lipi? Mara nyingi shuleni watoto hupangwa mstari mmoja, wakimbizwe mara moja, na wa kwanza aandikwe jina. Waliobaki huambiwa wakae. Lakini aliyekuwa wa tatu katika mbio huenda ni wa pili kwa kuruka, na kwa kutupa hana mwenziwe. Mtoto huyo hakuna aliyemwona. Mpimeni kwa mambo mengi kabla ya kumhukumu kwa moja. Na wasichana wasiachwe nje, kwani wao wana mashindano ya michezo saba, yaliyomo katika Olimpiki tangu 1984.

Gharama si kubwa. Jiwe la mviringo lafaa kwa kutupa, mchanga uliolainishwa wafaa kwa kuruka, na fito nyepesi, iliyowekwa juu ya mawe ili ianguke ikiguswa, yafaa kuwa kiunzi. Mkuki na upondo viachwe mpaka apatikane mwalimu anayevijua, maana vina hatari. Mazoezi yafanywe alfajiri, kabla jua halijawa kali, na maji ya kunywa yawe karibu.

Kijana akisha kupimwa hivyo, ndipo achague moja na kulishika kwa mikono miwili. Hapo methali ya wahenga itakuwa imepata mahali pake.