Gesi ya Matangazo na Seredani ya Uani

Wahenga walituachia usemi kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lau wangefufuka leo na kusimama kivukoni Likoni, wangestaajabu kuona ya kwamba siku hizi hata chema kinajitembeza. Katika kuta za maduka, kwenye mabango ya barabarani na redioni, gesi ya kupikia husifiwa asubuhi na jioni. Katika picha za matangazo hayo, mama amejifunga leso mpya isiyo na doa la masizi, anatabasamu mbele ya mtungi unaong'aa. Watoto wamekaa mezani, na baba anasoma gazeti. Hakuna moshi, hakuna jasho, wala hakuna anayeuliza bei.

Sina ugomvi na gesi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya zilitegemea kuni kwa mapishi, ilhali zilizotumia gesi hazikufika robo. Anayesema kuwa gesi ni bora kuliko moshi anasema kweli. Nongwa yangu ni kwamba tangazo husema nusu ya kweli, kisha hutumia aibu kuziba nusu iliyobaki.

Kwa nini nikasema aibu? Ni kwa sababu tangazo halimwambii mama kwamba mapafu yake yatapona. Humwambia kwa ujanja kuwa anayepikia makaa amepitwa na wakati, na kwamba mgeni atamdharau. Sisi watu wa pwani tunajua uzito wa mgeni. Mila yetu ya kumstahi ni njema, lakini mfanyabiashara ameigeuza ndoana. Ndiyo maana katika nyumba kadha wa kadha utauona mtungi wa kilo 6 umesimama chumbani, umefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na ndani yake hamna kitu. Seredani iko uani, inafuka kama kawaida. Mtungi umenunuliwa uonekane. Chakula kinapikwa kwingine.

Tusimcheke mwenye mtungi huo, bali tuulize kwa nini ni mtupu. Makaa huuzwa kwa mkebe, na kibarua anayelipwa jioni huweza kununua mkebe mmoja akapika usiku huohuo. Mtungi hudai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Kodi nazo hazikutulia: Julai 2021 gesi ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka wa 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na mwaka wa 2023 ikaondolewa. Kabla ya hapo, mwaka wa 2018, mafuta ya taa yalikuwa yamewekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Maskini aliyeliacha jiko la mafuta ya taa hakuwa na pa kukimbilia ila kwenye gunia la makaa.

Liko pia suala la nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili hupika ukumbini au uani pamoja na wapangaji wenzake. Mtungi akiuacha nje, utaibwa. Akiulaza chumbani, analala nao. Umeme nao mara nyingi una mita moja kwa nyumba nzima, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za jiko la koili.

Na iko mila. Wali wa nazi hupaliwa makaa juu ya kifuniko ili ukauke vizuri. Chetezo hakifukizi udi bila kaa la moto. Arusini na matangani, masufuria ya pilau hukaa juu ya mafiga na kuni, na majirani hukusanyika kuyazunguka. Mambo haya si ujinga. Ni adabu na ujirani, na mpango wowote wa nishati usioyatambua utaishia kwenye mabango.

Mfano wa kutufunza tunao. Mapema katika miaka ya 1980 kulizuka humu nchini jiko la bati lenye kikombe cha udongo, ambalo sasa limezagaa kila soko. Jiko hilo lilifuata mapishi yaliyokuwapo, likatumia makaa yaleyale ila machache zaidi, na likatengenezwa na mafundi wa jua kali kwa bei ambayo wengi waliimudu. Halikumtaka mama aone haya kwanza ndipo alinunue. Hicho ndicho chema kilichojiuza.

Mwezi wa Februari 2023, Rais William Ruto alizindua ujenzi wa ghala la gesi la tani 30,000 huko Dongo Kundu, hapa kwetu. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, ghala kubwa la jirani halimwivishii wali mtu asiye na bei ya kilo 6. Kampuni zinazotumia fedha nyingi kutupamba ukutani zingetufaa zaidi kama zingeiuza gesi kwa vipimo vidogo na kuandika bei yake waziwazi.

Walimu nao wana kazi ambayo hakuna kampuni itakayoifanya. Mletee mwanafunzi tangazo darasani, umwulize: Nani ameonyeshwa? Nani amefichwa? Ni nini hakikusemwa? Kisha apime makaa yanayotumika kwao kwa wiki moja, ahesabu siku ambazo mtungi ungedumu, na alinganishe gharama. Hiyo ni hesabu na Kiswahili kwa pamoja. Ajifunze pia yasiyotangazwa: kwamba gesi inayovuja ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, na kwamba seredani iliyowashwa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini.

Wanafunzi wakishahitimu somo hilo, na wamtazame tena yule baba wa kwenye picha. Katika nyumba zetu nyingi yeye ndiye mwenye mfuko, na mama na binti ndio wenye moshi. Anayeamua kama mtungi utajazwa siye anayekohoa. Hii nayo ni mila, na tofauti na ile ya udi na ya kumstahi mgeni, haistahili kuhifadhiwa. Baba akikaa mbele ya seredani kwa mwezi mmoja tu, akapuliza makaa mabichi siku za masika, hesabu ya gesi ataifanya mwenyewe bila kungoja tangazo.