Jina halinyweki

Jumamosi iliyopita kule Litein, kwenye koito, sherehe ya posa, ya binti wa rafiki yangu, MC alishika maikrofoni, akaziangalia chupa nne zilizokuwa meza kuu, akatangaza mbele ya wazee: "Hii si shampeni, jamani. Hii ni soda imevaa suti. Mwenye boma leo ametuonyesha kipimo chake." Watu wakacheka. Mwenye boma aliinamisha kichwa. Ni mzee aliyesomesha watoto watano kwa ekari moja na nusu ya majani chai, na alifedheheshwa nyumbani kwake na kijana aliyelipwa kuja kuchangamsha sherehe.

Kijana huyo alikosea, na wanaoamini kama yeye ni wengi mno kuanzia Kericho mjini hadi Bomet. Wanaamini kwamba sherehe isiyo na shampeni ni sherehe ya mkono mfupi, na kwamba chupa ya bei ndogo haiwezi kuwa na kitu kizuri ndani.

Chupa zile zilikuwa Cap Classique ya Afrika Kusini. Hutengenezwa kwa njia ile ile ya shampeni: mvinyo hutiwa chupani na hamira na sukari kidogo, hufungwa, huchacha mara ya pili humo humo, na hewa inayozaliwa hukosa pa kutokea. Mapovu ndiyo hayo. Shamba la Simonsig, karibu na Stellenbosch, lilianza kazi hiyo mwaka 1971. Mandela alipoapishwa mwaka 1994, wageni waliandaliwa Graham Beck, mvinyo wa mapovu wa kwao. Uliofaa siku ya Mandela unawezaje kuwa aibu Litein?

Kinachozidi kwenye shampeni ni jina. Shampeni ni mvinyo wa eneo la Champagne, Ufaransa, na jina hilo linalindwa kisheria. Sisi wa nchi ya chai tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Majani yetu husindikwa Kapkatet, Mogogosiek na Tirgaga, huenda mnadani Mombasa, kisha mengi huchanganywa na ya kwingine na kuuzwa ng'ambo katika pakiti zisizotaja kijiji chochote cha huku. Mwenye jina kwenye pakiti ndiye anayeshiba. Sisi hungoja bonasi, nayo ikija huwa chini ya ile ya wenzetu wa mashariki mwa Bonde la Ufa, na tukiuliza tunasomewa hotuba kuhusu ubora wa majani. Nimechoka na hotuba hizo. Lakini nimechoka zaidi kuona mkulima anayepunjwa kwa kukosa jina akitoa jasho lake lote kununua jina la mwingine.

Wakulima wa Champagne siwalaumu. Mwaka 1911 walivamia maghala ya wafanyabiashara waliokuwa wakiingiza zabibu za nje na kuuza mvinyo wake kwa jina la Champagne. Walipigania jina lao, na leo kilo moja ya zabibu zao hulipwa zaidi ya yuro 6. Hongera zao. Tuige ukali wao, tusiwape karo za watoto wetu.

Tupige hesabu kwa kilo, maana ndiyo hesabu tunayoijua. Dukani mjini Kericho nimeona shampeni ya kawaida kabisa kwa shilingi 9,000. Tuseme kilo ya majani inalipwa shilingi 25. Chupa hiyo moja ni kilo 360. Mchumaji hodari wa kilo 36 kwa siku atainama siku 10, kikapu mgongoni, katika mvua yetu ya mchana, ili watu sita walowanishe midomo. Kilo 360, kwa glasi sita!

Nikisema hivi naambiwa, "Shampeni ni heshima kwa wakwe." Heshima gani hiyo inayosomwa kwenye karatasi ya chupa? Wazee wa Kipsigis wameheshimiana kwa maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu cha sotet vizazi na vizazi, na sijasikia mkwe aliyegeuza kibuyu kutafuta bei. Na wanaodai ulimi wao hutambua, niliwapima. Desemba nilifunika chupa mbili kwa taulo, shampeni na Cap Classique, nikawamiminia shemeji zangu wanne. Watatu walichagua ya Afrika Kusini. Wa nne alisema hazina tofauti. Kwangu kesi hiyo imekwisha.

Kwa hiyo ukienda dukani, soma lebo. Tafuta Cap Classique, au Cava ya Uhispania, au Crémant ya Ufaransa hiyo hiyo, inayotoka nje ya Champagne. Zote huchachia chupani. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchachia kwenye tangi, ni laini na haiumizi mfuko. "Brut" ni kavu. Kama wageni wako wanapenda tamu, chukua "Demi-Sec" bila kuona haya. Zipoze vizuri kabla ya kufungua. Chupa moja hutoa glasi sita, kwa hiyo meza kuu ya watu 24 inahitaji nne tu. Za shampeni ni shilingi 36,000. Cap Classique niliyonunua mimi ilikuwa 3,000, yaani 12,000 kwa zote nne.

Kamati za harusi zinazotusumbua kwa michango kila wiki kwenye simu zianze hapo. Katibu akisoma bajeti na kutaja shampeni, inua mkono, uliza ni kilo ngapi za majani. Na MC akithubutu kumcheka mwenye boma, mzee mmoja asimame amnyang'anye maikrofoni. Zile shilingi 24,000 zinazobaki wapewe maharusi wakaanzie maisha.