Pima Tairi Kabla ya Kumshuku Dereva

Wakulima wengi wa skimu za makazi, toka Ol Kalou na Kinangop mpaka Molo na Njoro, siku hizi wana pikapu. Mmoja amenunua yake mwenyewe, na wengine wamechanga fedha kikundi kizima ili wapate gari la kupeleka maziwa, viazi na kabeji sokoni Nakuru. Hilo ni jambo jema. Lakini imeingia desturi ambayo kwa maoni yangu inakula fedha za wakulima na, vibaya zaidi, inavunja urafiki wa watu. Ni desturi ya kubadili ukubwa wa tairi bila kufanya hesabu.

Mambo huwa hivi. Mvua inapoanza, mtu hushauriwa avalishe gari tairi kubwa ili lipande juu na lisikwame. Tairi zinafungwa, gari linapendeza, vijana wanalisifu. Mwisho wa mwezi mweka hazina anafungua kitabu cha safari na kuona kwamba petroli imeliwa kuliko zamani. Mara neno linapita mkutanoni kuwa dereva ananyonya petroli kwa mpira na kuiuza. Katika kazi yangu ya kuandika habari za vikundi nimesikia mashauri ya namna hii zaidi ya mara moja, na sijaona bado mkutano ambao mtu aliinuka akaenda kusoma namba za tairi.

Haya, tuzisome. Tairi iliyoandikwa 205/70R15 ina upana wa milimita 205. Ubavu wake ni 70 kwa mia ya upana huo. Na rimu yake ni ya inchi 15. Ukipiga hesabu utapata kimo cha milimita 668, toka chini mpaka juu. Tairi ya 235/75R15 huvaa rimu ya inchi 15 vilevile, lakini kimo chake ni milimita 733.5. Kwa macho ni tofauti ya sentimita sita na nusu tu. Kwa hesabu, tairi ya pili imeizidi ya kwanza kwa karibu 10 kwa mia.

Sasa, mita ya kilometa haioni barabara. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko, na kila mzunguko huuandika kana kwamba tairi bado ni ile ya kiwandani. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mita huandika kilometa chache kuliko zile zilizokwenda.

Tuchukue mfano. Pikapu ilikuwa ikienda safari ya kilometa 100, kwenda na kurudi, kwa lita 10. Tuseme baada ya kuvaa tairi kubwa inakula lita 10 na nusu kwa safari ile ile. Mita sasa itaandika kilometa 91 tu. Mweka hazina atasema, “Gari hili huenda kilometa 10 kwa lita moja, kwa kilometa 91 lita 9.1 zingetosha. Lita 1.4 zimekwenda wapi?” Kwa safari 20 za mwezi zitakuwa lita 28. Dereva anaitwa mwizi. Lakini ukweli ni kwamba lita 10 zimeliwa na tairi, na lita 18 hazikupotea kamwe, maana zilitumika kwa kilometa ambazo mita haikuandika. Mtu amefukuzwa kazi, na jina lake limeharibika kijijini, kwa sababu ya mpira.

Hata hivyo, zile lita 10 za ziada ni hasara ya kweli, nasi yafaa tujue chanzo chake. Kwanza, tairi kubwa ni nzito, na uzito wake uko mbali na ekseli. Injini hutaabika kuuzungusha kila gari linapoanza kwenda. Pili, tairi pana yenye meno makubwa husuguana zaidi na barabara, na gari lililoinuka hupigwa zaidi na upepo. Tatu, kimo kikizidi kwa 10 kwa mia, nguvu ya gurudumu kusukuma ardhi hupungua kwa 9 kwa mia hivi. Penye mlima dereva hana budi kurudi gia ya chini, na injini inapiga kelele ikinywa petroli.

Tena tusisahau tunakaa wapi. Mji wa Nakuru uko kadiri ya mita 1,850 juu ya bahari, na Molo iko karibu mita 2,500. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hata kabla ya kupakiwa gunia moja. Si busara kuipunguzia tena kile kidogo kilichobaki.

Mtu atanijibu kwamba mkokoteni wa punda wenye magurudumu makubwa huvutwa kwa wepesi. Ni kweli, lakini punda huvuta mkokoteni kwa mbele, wala hasokoti ekseli. Injini ndiyo inayosokota ekseli, na kadiri gurudumu lilivyo kubwa ndivyo msokoto unavyokuwa mgumu. Mwingine atasema kwamba katika lami tambarare, kwa mwendo wa taratibu, tairi ndefu zaidi huiacha injini izunguke polepole na pengine kuokoa petroli kidogo. Hayo pia ni kweli. Lakini njia za skimu zetu si lami tambarare. Ni murram, makorongo na milima, na gari limebeba viazi.

Wengine watataja matope. Nawakumbusha mbio za Safari Rally za mwaka 1963 na 1968. Miaka hiyo yote miwili mvua iliharibu njia hata yakamaliza magari saba tu, na waliopata ushindi mara zote mbili ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404, gari la tairi nyembamba. Tairi nyembamba hukata tope mpaka ikafika ardhi ngumu. Meno mazuri na dereva stadi vina faida kuliko upana.

Liko pia jambo la usalama. Mshale unapoonyesha kilometa 80 kwa saa, gari lenye tairi kubwa tulizozitaja huwa linakimbia karibu 88. Breki nazo hulemewa na gurudumu refu, na atelemkaye Salgaa na mzigo anajua maana ya breki. Wala wasioweka kubwa wakaweka ndogo hawajaokoka: injini yao huzunguka zaidi, gari hukaa chini na kugonga mawe, na mita huzidisha kilometa mpaka mwenye gari anajisifu kwa akiba asiyokuwa nayo.

Basi nashauri hivi. Tafuteni kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ndicho kisemacho ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Mnaponunua, tazameni namba ya mzigo inayofuata ukubwa: 104 maana yake tairi moja hubeba kilo 900, lakini 95 ni kilo 690 tu. Pimeni upepo kila juma asubuhi, tairi zikiwa baridi. Upepo ukipungua paundi 10 katika tairi zote, petroli huzidi kwa kadiri ya 2 kwa mia, na kuujaza hakugharimu kitu kikubwa.

Kama tairi zimekwisha kubadilishwa, rekebisheni kitabu. Wekeni alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukumeni gari mpaka alama irudi chini, kisha pimeni kwa futi kamba. Fanyeni vivyo hivyo kwa gari jingine lenye tairi za ukubwa wa zamani. Gawanyeni kipimo kipya kwa cha zamani, na jibu lizidisheni kwa kilometa za mita. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya hesabu hiyo.

Bei ya petroli hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na mkulima hana neno la kusema juu yake. Ukubwa wa tairi uko mikononi mwake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lenye kipimo kibovu laweza kumpoteza mtu mwaminifu. Kabla ya kumwita dereva mbele ya kamati, iteni kwanza futi kamba.