Ubongo wa mbuzi, na yule mnayemficha nyuma ya nyumba

Wazazi wetu, Jumamosi iliyopita hapa Kibuli mwanafunzi wetu wa miaka kumi alituuliza: "Ustadhi, mtu akiwekewa ubongo wa mbuzi, na mbuzi akawekewa wa mtu, nani ataswali? Na siku ya Idi tumchinje nani?" Darasa likaangua kicheko. Mmoja akamtaja kijana wa jirani aliyeharibiwa ubongo na malaria utotoni: "Huyo tayari anao wa mbuzi!" Wakacheka zaidi.

Maneno hayo mtoto hakuyabuni. Ameyasikia nyumbani kwenu.

Kwanza swali lenyewe. Hakuna aliyewahi kubadilishana ubongo na mnyama. Mwaka 1970 daktari Robert White wa Cleveland, Marekani, alipandikiza kichwa cha tumbili kwenye mwili wa tumbili mwingine. Kiliamka, kikaona, kikataka hata kuuma, lakini mwili ulipooza kwa kuwa uti wa mgongo haukuungika, na siku chache baadaye kikafa. Mwaka 2022 David Bennett aliwekewa moyo wa nguruwe (naam, nguruwe) huko Maryland, akaishi miezi miwili. Je, aligeuka nguruwe?

Mtasema moyo si ubongo. Sawa. Katika fiqhi akili ni sharti la taklifu. Asiye nayo hadaiwi swala wala saumu. Lakini aliyeondolewa wajibu hakuondolewa haki. Anarithi, na walii anamtunzia mali yake. Akifa anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa. Ni mbuzi gani huyo anayerithi? Basi mtu yule wa swali hachinjwi, hata akilia mee. Mbuzi wake tunawaachia masheikh wakubwa.

Sasa nyinyi mnaomfungia mtoto chumba cha nyuma wageni wakija, mnaomnyima kanzu mpya siku ya Idi kwa kuwa "hajui kitu", mnaomwita mnyama mbele ya nduguze: fatwa hiyo mmeitoa wapi? Wengine mnasingizia majini, mnamlipa mganga mwezi baada ya mwezi, na kifafa chake kina vidonge hospitalini.

Tumezungumza na mama wa yule kijana. Jumamosi ijayo inshallah atakuja kukaa nasi madrasa, safu ya mbele. Atakayekwenda kumchukua kwao ni yule yule aliyemcheka.